Una elfu kumi na Jumamosi chache: historia ya dunia uianze na mwaka upi?

Nauza vitabu vilivyokwisha kusomwa. Nimetandaza turubai langu kando ya njia, si mbali na Posta Mpya, Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa zaidi baada ya bei ni hili: "Mzee, nataka kuijua historia ya dunia, nianze na kipi?" Anayeuliza kwa kawaida ana elfu kumi mfukoni na Jumamosi tatu nne kabla hamu haijamtoka. Zamani nilikuwa nampa lile buku nene linaloanzia kwa watu wa mapangoni na kuishia kwenye bomu la Hiroshima. Wengi walirudi kweli, lakini kununua riwaya. Buku walikuwa wameliacha kwa mafarao.

Siku hizi namwambia muulizaji achague tukio moja lililoigeuza dunia, aliingie hilo mpaka kiunoni, mengine atayakuta humohumo. Ninayomwekea mbele ni sita, na nayaweka mawilimawili kama muuza viatu: tauni ya 1347 na kuanguka kwa Konstantinopoli 1453, safari ya Columbus ya 1492 na ya Vasco da Gama ya 1498, mashine ya mvuke na Mapinduzi ya Ufaransa. Katika kila jozi kuna moja lenye jina kubwa na moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililofanya kazi. Si lazima ukubaliane nami. Nimeshabishana na walimu wawili wa historia palepale kwenye turubai, na mmoja hajanunua kitu kwangu tangu siku ile.

Konstantinopoli au tauni?

Konstantinopoli inajiuza yenyewe. Kuna Sultani Mehmed wa Pili, kijana wa miaka 21. Kuna mji wenye kuta zilizosimama zaidi ya miaka elfu moja, na ndani yake watetezi wapatao 7,000 tu. Kuna fundi wa mizinga aitwaye Urban, mtu wa Hungaria, ambaye kwanza alibisha hodi kwa Kaisari Konstantino wa Kumi na Moja akitafuta kazi. Kaisari hana pesa ya kumlipa. Urban akavuka upande wa pili, na Sultani akampa alichotaka na zaidi. Mzinga alioufua ulikokotwa na makumi ya ng'ombe hadi mbele ya zile kuta.

Halafu kuna merikebu. Wenyeji walikuwa wamefunga mdomo wa bandari, ule mkono wa bahari unaoitwa Pembe ya Dhahabu, kwa mnyororo wa chuma. Tarehe 22 Aprili 1453 Mehmed aliamuru merikebu zake zipatazo 70 zipandishwe nchi kavu, zikokotwe juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, zizunguke nyuma ya Galata, mtaa wa ng'ambo ya bandari, na kuteremshwa ndani ya bandari, mnyororo ukiwa palepale umefungwa. Tarehe 29 Mei mji ukaanguka na Kaisari akafa vitani. Kijana mmoja wa bodaboda alinunua kitabu cha habari hizi akakisoma juu ya pikipiki akisubiri abiria. Aliponisimulia, mikono yote miwili ilikuwa ikivuta kamba ambayo haipo. "Mzee, wamezipandisha kilimani!"

Na msomaji wa pwani hafiki ugenini. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, kaisari wa Konstantinopoli hiyohiyo karne nane kabla ya Mehmed. Aliyekulia kwenye nyumba iliyoghani tendi anamjua adui kabla hajafungua ukurasa.

Kasoro ya 1453 si kisa chenyewe. Ni mzigo uliotwikwa juu yake. Vitabu vya shule vinapenda mnyororo huu: Waturuki wakauteka mji, njia ya viungo ikafungwa, Wazungu wakalazimika kutafuta njia ya bahari, ndipo wakaja Columbus na da Gama. Mwanafunzi anaukariri, anapata alama zake, anakwenda nyumbani. Sasa upime kwa tarehe. Wareno waliiteka Ceuta, upande wa Moroko, mwaka 1415. Gil Eanes aliipita rasi ya Bojador mwaka 1434, miaka 19 kabla Mehmed hajafyatua mzinga hata mmoja. Walikuwa wanateremka na pwani ya Afrika Magharibi wakiifuata dhahabu, na hakuna Mturuki aliyewasukuma. Pilipili manga nayo iliendelea kupanda Bahari ya Shamu hadi Misri, na wafanyabiashara wa Venice wakaendelea kuinunua Alexandria mikononi mwa Wamamluki, watawala wa Misri, ambao Waosmani, yaani Waturuki wa Mehmed, hawakuwateka hadi 1517. Njia haikufungwa. Ilikuwa ya watu wengine, na hilo ni jambo tofauti.

Kwa hiyo 1453 ni kisa kizuri sana chenye mwanzo, katikati na mwisho, siku 53 tangu kuzingirwa hadi kuanguka. Ukitaka kujua kwa nini dunia ilikaa ilivyokaa baadaye, kitakusaidia kidogo tu.

Tauni ni kinyume chake. Haina shujaa, haina siku moja ya kukumbuka. Oktoba 1347 merikebu za Wagenoa, wafanyabiashara wa Italia, zilizotoka Bahari Nyeusi zilitia nanga Messina, kisiwani Sicily, zikiwa na wagonjwa na maiti. Ndani ya miaka minne, kati ya theluthi moja na nusu ya watu wa Ulaya walikuwa wamekufa. Haikubagua upande: iliingia Alexandria na Cairo, Damascus na Tunis. Ibn Khaldun, mwanahistoria, alikuwa kijana tu pale Tunis ilipowachukua wazazi wake wote wawili, na alipokuja kuandika juu ya namna dola zinavyoinuka na kuanguka, tauni ile ilikuwa nyuma ya kalamu yake. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akaisifu Kilwa kwa uzuri wake, alikuwa Sham mwaka 1348 akawaona watu wa Damascus wakifunga na kutoka pamoja kuomba, Waislamu na misahafu yao, Mayahudi na Wakristo na vitabu vyao. Alipokaribia kwao Tangier akapata habari kwamba mama yake alishafariki kwa maradhi hayohayo.

Ila vifo sivyo vinavyonifanya niipendekeze tauni. Ni kilichofuata, kwa sababu ugonjwa mmoja ulizaa matokeo matatu tofauti. Uingereza vibarua walipopungua, waliobaki walianza kudai ujira mkubwa. Mwaka 1351 Bunge likapitisha sheria ya kuurudisha ujira kwenye kiwango cha kabla ya tauni. Wenye mashamba wenyewe wakaivunja, maana mavuno hayasubiri sheria. Miaka 30 baadaye, kodi ya kichwa ilipoongezwa juu ya hayo yote, wakulima wakaandamana hadi London na mfalme wa miaka 14 akalazimika kutoka kuwakabili. Uasi wa 1381 ulizimwa, lakini utumwa wa ardhini, ule wa mkulima kufungwa kwenye shamba la bwana, ukaendelea kuyeyuka wenyewe.

Nenda Misri. Watu wamekufa vilevile, mikono imepungua vilevile. Lakini kilimo cha Nile kinategemea mifereji na matuta yanayotaka maelfu ya watu kila mwaka kuyazibua. Watu wakikosekana, mifereji inajaa tope, shamba linakufa, na makamanda wa Kimamluki walioishi Cairo kwa mapato ya vijiji wanazidi kuwakamua waliobaki. Mkulima wa Misri hakutajirika kwa uhaba wa mikono. Nenda mashariki ya Ulaya, na katika karne zilizofuata utakuta wenye ardhi wakiwafunga wakulima wasihame kabisa. Ukishaona hivyo, huwezi tena kumwamini mtu anayesema "tukio fulani lilisababisha jambo fulani" bila kumuuliza: wapi, na nani alikuwa na nguvu pale?

Na ukitaka kipande cha tauni cha kushika mkononi, kiko mdomoni mwako. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru wageni kutoka sehemu zenye maradhi wakae pembeni siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye siku zikawa 40, na "arobaini" ya Kiitaliano ndiyo iliyozaa neno karantini.

Uamuzi wangu kwa jozi hii: tauni, isipokuwa kama wewe ni mtu wa kulala ukurasa wa tatu. Hapo chukua Konstantinopoli, angalau utamaliza.

Da Gama au Columbus?

Hapa kila mteja wangu ananyoosha mkono kwa da Gama kabla sijamaliza kusema. Naelewa. Ni habari ya kwetu. Mnara wa msalaba uko Malindi hadi leo, na da Gama alipita Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, akapokewa kwa mashaka, akaenda Malindi akapokewa vizuri, kwa kuwa Malindi na Mombasa hawakuwa wakitazamana kwa wema. Sultani wa Malindi akampa rubani wa kumvusha. Hadithi kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Oman, bado inasimuliwa, ila wanahistoria wengi leo hawaikubali. Kwa vyovyote merikebu ziling'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ikianza kuvuma, na hazikumaliza siku 30 zikawa India.

Soma safari ya kurudi, kwa maana huko ndiko kuna somo. Da Gama alitaka kuondoka Calicut, bandari ya India aliyoifikia, kwa hasira, hakutaka kungoja. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijakaa sawa. Mvuvi yeyote wa Lamu angemwambia akae chini anywe kahawa. Njia aliyoikata kwa wiki nne wakati wa kwenda, ilimchukua karibu miezi mitatu kurudi, mabaharia wakifa kwa kiseyeye mmoja baada ya mwingine, hata walipofika upande wetu hawakutosha kuendesha merikebu zote. Wakaichoma moto mojawapo.

Jambo jingine la kulisoma polepole ni zawadi. Mbele ya mfalme wa Calicut, mji uliozoea dhahabu, hariri na farasi wa Uarabuni, Wareno walitoa vitambaa 12 vya mistari, kofia, mabeseni sita ya kunawia, sukari, shanga za marijani, na mapipa ya mafuta na asali. Maofisa wa mfalme wakacheka. Mfanyabiashara maskini kabisa kutoka Makka, walisema, huleta zaidi ya hivyo. Mtu akishajua hilo anaelewa kwa nini miaka saba baadaye, 1505, Wareno walikuja Kilwa na Mombasa na mizinga badala ya mabeseni. Soko halikuwa na haja na bidhaa zao. Walichokuwa nacho kilichowazidi wengine ni mizinga ya merikebuni.

Lakini pima walichokibadili. Wareno walichoma, walitoza, mwaka 1593 walianza kujenga Fort Jesus, na mwaka 1698 Waomani wakawatoa humo baada ya kuizingira zaidi ya miaka miwili. Karne mbili. Walituachia meza, leso, bendera, mvinyo, na gereza, neno ambalo kwao lilikuwa na maana ya kanisa; namna lilivyofikia maana yake ya leo nakuachia uikisie. Biashara ya majahazi kati yetu na Arabuni na Gujarat ilijeruhiwa, haikufa. Hata kwa wingi wa merikebu da Gama hakuwa wa kwanza kututisha. Miaka 80 kabla yake, msafara wa Mchina Zheng He ulifika pwani hii na merikebu nyingi kuliko zake, na mwaka 1415 twiga wa Malindi alipokewa kwenye kasri la mfalme wa China.

Sasa Columbus. Hakuiona Malindi wala Mombasa. Alitua kisiwani Bahama tarehe 12 Oktoba 1492 akidhani amefika karibu na India, na alikufa bila kukiri kosa. Mteja wa Dar es Salaam anamwona hamhusu.

Huwa namwomba aangalie chakula chake. Mita chache kutoka turubai langu kuna mama ntilie, na saa saba mchana sahani yake ni hii: ugali wa sembe, maharage, kachumbari ya nyanya na kitunguu, pilipili pembeni. Mahindi yametoka Amerika. Maharage haya nayo yametoka Amerika. Nyanya, Amerika. Pilipili mbuzi, Amerika. Mafuta ya alizeti aliyokaangia, alizeti imetoka Amerika ya Kaskazini. Kilichokuwa upande huu wa bahari kabla ya 1492 ni kitunguu na chumvi. Ukimwambia akuwekee muhogo badala ya ugali, bado uko Amerika. Karanga za kutafunia, Amerika. Nanasi na papai la kumalizia, hukohuko.

Jina lenyewe limetudanganya: tunasema mahindi kama kwamba ni zao la Wahindi, kwa sababu kilichokuja na merikebu kutoka mashariki au na wageni kiliitwa cha Kihindi. Na pilipili ina mzaha wake. Columbus alikuwa anatafuta pilipili manga, alipoonja hii nyekundu ya visiwani akaona ni kali vilevile, basi mpaka leo kwa Kiswahili vyote viwili ni pilipili, ingawa mimea yenyewe haina undugu.

Haya hayakutokea kwa siku moja. Bara letu lilikula mtama, uwele na ulezi karne nyingi baada ya Columbus, na mahindi yalitamalaki hasa wakati wa ukoloni. Wala sahani si hadithi yote. Ng'ambo ile ndui ilitangulia mbele ya wapiganaji: Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulikumbwa na ndui mwaka 1520, ukaanguka 1521. Mashamba ya miwa na migodi vilivyofuata vilitaka watu, na kwa karne tatu na nusu Waafrika wapatao milioni 12 na nusu walipakiwa merikebuni kuvushwa Atlantiki. Fedha iliyochimbwa Potosí, Amerika ya Kusini, kuanzia 1545 ilizunguka dunia hadi China. Hakuna upande wa dunia uliobaki kama ulivyokuwa.

Kwa hiyo nasema: da Gama ni wetu kwa jina, Columbus ni wetu kwa tumbo. Kama unasoma ili ujue pwani yako, chukua 1498 na usisikilize kelele zangu. Kama unataka dunia, chukua 1492, na usome zaidi habari za mimea, maradhi na watumwa kuliko za yule baharia mwenyewe, ambaye kusema kweli anachosha.

Bastille au mvuke?

Bastille, yaani Mapinduzi ya Ufaransa, haraka. Tarehe 14 Julai 1789 watu wa Paris waliivamia ngome hiyo wakakuta humo wafungwa saba. Kilichofuata, haki za binadamu, mfalme kukatwa kichwa, Napoleon, kimeandikwa mno na kwa uzuri, na ukikitaka utakipata kokote. Nina ombi moja tu: uingie kwa mlango wa Haiti. Agosti 1791 watumwa wa koloni tajiri kuliko yote ya Ufaransa walisimama, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza nchi yao huru. Ufaransa ikaja kuwadai fidia ya faranga milioni 150 mwaka 1825, kana kwamba wao ndio waliokosa. Msomaji wa Kilwa ana sababu yake ya kuuliza zaidi, kwa kuwa mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alikuwa ameshaandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, wengi wakipelekwa mashamba ya Mauritius na Réunion, visiwa vilivyokuwa vya Ufaransa. Paris ilipofuta utumwa 1794 na kutuma wajumbe kwenda kutekeleza, walowezi wa Mauritius waliwafukuza bandarini. Hapo ndipo mapinduzi yanapopimika.

Mvuke una tatizo ambalo mwanafunzi hulichukia: hauna siku. Thomas Newcomen alikuwa na mashine ya kuvuta maji migodini mwaka 1712. James Watt alipata hataza ya maboresho yake 1769. Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa 1830. Ipi ndiyo tarehe ya kuandika kwenye mtihani? Hakuna. Hata hivyo katika haya sita, ndilo ninaloona limegusa watu wengi kwa undani zaidi, na lilitugusa mapema kuliko tunavyodhani, kabla ya reli na kabla ya ukoloni. Lilikuja kama kitambaa.

Mama yangu akitaka kitambaa cheupe kisichotiwa rangi, cha foronya au cha bitana, mpaka leo anaagiza "amerikani", au merikani. Hajui kwa nini, ndivyo mama yake alivyosema. Mwaka 1833 Seyyid Said aliandikiana mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za mji wa Salem, Massachusetts, zikawa zinakuja Zanzibar na shehena za kitambaa hicho cha pamba, kinene, kinachodumu. Watu wa pwani na bara walikipenda kuliko vya Wahindi na Waingereza, nao ndio walioamua, si muuzaji: kitambaa kisichokuwa cha unene na upana uliotakiwa kilikataliwa. Misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji mizigo ya merikani ikiwa vichwani mwa wapagazi, na huko ndani pande la merikani lilikuwa fedha kamili, unalipia chakula, hongo na pembe.

Nitajisahihisha kabla mtu hajanisahihisha: viwanda vingi vya kwanza vya Massachusetts viliendeshwa kwa nguvu ya mto, si kwa mvuke. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1840 mji wa Salem wenyewe ulikuwa na kiwanda cha pamba cha mvuke, na sehemu ya vitambaa vyake ilikuja huku. Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa weusi kusini mwa Marekani. Merikebu zilirudi na sandarusi ya kutengenezea vanishi na pembe za ndovu, na pembe hizo huko Connecticut zilikatwa kuwa vitana na vibao vya kupigia piano. Fikiria mnyororo huo: mtumwa wa kusini mwa Marekani, msichana wa kiwandani, mpagazi wa Kinyamwezi na ndovu wa Manyema, wote wamefungwa kwenye jora moja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Marekani 1861, pamba ikakosekana na merikani ikaadimika Zanzibar. Vita vya ng'ambo, na Ujiji bei inabadilika.

Ukishaliona hilo, Mfereji wa Suez wa 1869, waya wa simu uliofika Zanzibar 1879 na reli ya Mombasa iliyoanza 1896 vinajipanga vyenyewe, huhitaji kukariri.

Niliyoyaacha

Watu huniuliza mbona sijaweka uchapaji wa Gutenberg, pale Mainz kwenye miaka ya 1450. Kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuja kunigombeza kuhusu uchapaji. Wote tunakubali ni mkubwa, na kitu ambacho wote tunakubaliana ni vigumu kukisomea. Ukikitaka, kilinganishe na Wachina na Wakorea waliochapa kwa herufi za kuhamishika kabla yake, ujiulize kwa nini huko hakikulipuka vile.

Na 1914? Hiyo nimeiacha kwa sababu ya ukaribu. Mtu anayeishi mji wenye Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ataifikia tu. Ila usianzie hapo. Utaiona vita na hutaona kilichoileta.

Basi uchukue lipi

Mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita, mwenye kutaka hoja za kumshinda mwenzake darasani: tauni, hasa ile sehemu ya Uingereza na Misri kuwekwa pamoja. Mtu mzima aliyechoka kutoka kazini: Konstantinopoli, hana haja ya kuona haya. Mwenye kupenda kupika, au mkulima: 1492. Mtu wa Lamu, Malindi, Kilwa na Mombasa: 1498, lakini asiishie Malindi, asome mpaka 1698. Mfanyabiashara, na hasa aliye kwenye vitambaa: mvuke, bila kufikiri mara mbili. Mwenye hasira na dunia: Haiti.

Mimi mwenyewe ukinishika shati nichague moja, nakupa tauni kwanza na mvuke wa pili, hata kama mvuke ndio mkubwa. Tauni inakufundisha kuuliza, na ukifika kwenye merikani utajua kuuliza nani alikuwa na nguvu pale. Ukianza na mvuke unaweza kudhani kila kitu huja na mashine.

Vitabu vya mambo haya kwa Kiswahili ni vichache, vingi ni vya Kiingereza, kwa hiyo chukua chembamba kwanza. Angalia kama kina ramani; historia ya merikebu bila ramani ni uonevu. Fungua ukurasa wa katikati, si wa mwanzo, usome aya moja hapohapo umesimama. Ikikuvuta, nilipe. Ukikimaliza na hakijachanika kirudishe, nakupunguzia nusu ya bei ya kinachofuata.